Karani alikata moto kilomita ya 32: kisa cha mkimbiaji wa miaka 48 kutoka Mtwara

Karani alimaliza maratoni yake ya kwanza mjini Moshi, mwishoni mwa Februari 2025, kwa saa 5 na dakika 38. Alikuwa amejiandaa kumaliza kwa saa 4 na nusu. Nusu ya kwanza aliipita kwa saa 2 na dakika 14, karibu sawa na alivyopanga. Nusu ya pili ikamla saa 3 na dakika 24, na sehemu kubwa ya muda huo alikuwa anatembea. Aliporudi Mtwara alikuta watu wameshapata jibu: ana miaka 48, umri umemkataa. Naye alishalimeza jibu hilo. "Shikamoo Mwalimu. Zile mbio ni za vijana, mimi nimekubali yaishe," aliniambia siku ya kwanza tulipoonana baada ya mbio hizo.

Mimi sikukubali, na bado sikubali. Nimefundisha michezo shuleni kwa miaka mingi, na sasa nikiwa mstaafu naongoza mazoezi ya kundi letu la mchakamchaka hapa Shangani, Mtwara. Sijawahi kuona umri ukimwangusha mtu ghafla kati ya kilomita ya 27 na ya 32. Umri hupunguza kidogo kidogo, kuanzia hatua ya kwanza ya mbio. Anayekwenda vizuri saa mbili na nusu kisha akaanguka ameangushwa na kitu kingine, na kitu hicho huacha alama. Kwa bahati njema huyu ni karani wa chama cha msingi cha wakulima wa korosho, mtu asiyepitisha siku bila kuandika. Tangu aanze kukimbia ana daftari lenye tarehe, umbali, muda, saa alizolala na mahali palipouma. Mkononi ana saa inayopima mapigo ya moyo. Niliomba vyote viwili. Kisa hiki kinatoka humo, kwa ruhusa yake. Jina lake naliacha. Hata kundini hakuna anayelitumia.

Alianza mwaka 2022 kwa sababu ya presha. Alipimwa ikasoma 148 kwa 94, uzito kilo 86, akaambiwa apunguze chumvi na uzito, afanye mazoezi, kisha arudi kupimwa. Akaja kundini. Kufikia mwisho wa 2023 alikuwa na kilo 74, presha imeshuka, na daktari hakulazimika kumwanzishia dawa. Katikati ya 2024 akakimbia nusu maratoni hapa hapa mjini kwa saa 2 na dakika 12. Ni muda mzuri kwa mtu aliyekaa karibu miaka ishirini bila kufunga kamba za raba. Hapo ndipo kiu ya kilomita 42 ilipomshika.

Na hapo ndipo alipotuacha.

Kundi letu hukimbia Jumamosi na Jumapili. Tunatoka Shangani, tunazunguka mjini, tunapita karibu na uwanja wa Nangwanda Sijaona, tunarudi. Mwendo wetu ni dakika 8 kwa kilomita, siku nyingine 8 na nusu, kwa sababu tunaimba. Mmoja anatoa wimbo, wengine wanaitikia, na hakuna anayeitikia akiwa anahema. Karani aliona kwamba kwa mwendo huo hawezi kujenga mbio za dakika 6 na sekunde 24 kwa kilomita, mwendo unaotakiwa kumaliza kwa saa 4 na nusu. Mwenyekiti wetu, mama mtu mzima anayeheshimika mtaani, alimwambia, "Mwanangu, usikimbilie kuondoka, huku nako ni mazoezi." Akaitikia kwa adabu, lakini Agosti akaanza kukimbia peke yake. Siku tano kwa wiki, baada ya swala ya alfajiri, barabara ya Mikindani, kwenda na kurudi.

Nilipofungua daftari la kipindi hicho, kuanzia Agosti 2024 hadi Februari 2025, nilishtushwa na jinsi kurasa zinavyofanana. Kilomita 8, mwendo 6:20. Kilomita 10, mwendo 6:25. Kilomita 8, mwendo 6:15. Hakuna siku ya polepole wala siku ya kasi ya kweli. Kila alfajiri alikwenda kwa mwendo wa mashindano, kwa imani kwamba mwili utauzoea. Saa inaonyesha wastani wa mapigo kati ya 152 na 158 kwa dakika karibu kila safari.

Tuzitazame namba hizo kwa makini, maana kisa kizima kimo humo. Kanuni iliyozoeleka ya kukadiria kiwango cha juu cha mapigo ya moyo ni 220 kutoa umri, nayo inampa 172. Kanuni nyingine, iliyochapishwa na Tanaka na wenzake mwaka 2001, ni 208 kutoa asilimia 70 ya umri, nayo inampa 174. Zote ni makadirio ya wastani, mtu mmoja anaweza kuzidi au kupungua kwa mapigo kumi. Lakini saa yake haijawahi kusoma zaidi ya 175 hata alipomalizia nusu maratoni kwa kukimbia kwa nguvu zote, hivyo kwake makadirio yanakaribia ukweli. Sasa 156 katika 174 ni karibu asilimia 90. Karani alikuwa anafanya mazoezi ya "kawaida" kwa asilimia 90 ya uwezo wa moyo wake, siku tano kwa wiki, miezi sita mfululizo.

Mazoezi ya mbio ndefu hayajengwi hivyo, kwa kijana wala kwa mtu mzima. Stephen Seiler, mtafiti wa Kimarekani aliyefanya kazi zake nyingi Norwei, alifuatilia wanamichezo wa mbio, makasia na kuteleza kwenye theluji walio katika kiwango cha juu kabisa, akaona mgawanyo unaojirudia: takriban asilimia 80 ya mazoezi yao ni mepesi, na sehemu iliyobaki ndiyo ngumu. Wenye pumzi kuliko wote duniani hutumia muda wao mwingi wakienda mwendo wa kuzungumza. Sababu imo ndani ya misuli. Mwendo mwepesi wa muda mrefu huongeza mishipa midogo ya damu na viwanda vidogo vya nishati ndani ya seli, na huufundisha mwili kuchoma mafuta. Mwendo wa asilimia 90 hujenga mambo mengine, lakini unauchosha mwili kiasi kwamba siku ya pili huwezi kwenda polepole vya kutosha kupona, wala kwa kasi ya kutosha kuongeza kitu. Unabaki katikati, umechoka kila siku kidogo.

Kwa Karani, mwendo mwepesi maana yake ni mapigo yasiyozidi 130 au 135. Tulipompima baadaye tuligundua mwendo gani unampa mapigo hayo: dakika 8 hadi 9 kwa kilomita. Yaani karibu na mwendo wa kundi. Alikimbia dawa akaenda kutafuta ugonjwa, na nasema hivi kwa uchungu kwa sababu hakuna aliyemwelekeza. Wimbo wa mchakamchaka ni kipimo cha pumzi kilicho bora kuliko saa nyingi za mkononi. Ukiweza kuitikia ubeti mzima bila kukatiza, uko pale unapotakiwa kuwa. Wazee waliotufundisha mchakamchaka shuleni hawakuwa na saa za mapigo, lakini hicho walitupa.

Basi, na umri? Sisemi haupo. Kiwango cha juu cha mapigo hushuka mwaka hadi mwaka. Uwezo wa mwili kutumia oksijeni hupungua kwa karibu asilimia 10 kila miaka kumi kwa mtu asiyefanya mazoezi, na polepole zaidi kwa anayeendelea kufanya. Kano na misuli hupona taratibu kuliko zamani. Lakini upo utafiti wa Wajerumani uliochapishwa 2007, uliochambua matokeo ya mamia ya maelfu ya washiriki wa maratoni na nusu maratoni, watu wa kawaida kama sisi. Ulikuta kwamba wastani wa muda wao haukupishana sana kuanzia umri wa miaka 20 hadi 55. Ukiwa na miaka 48 na moyo uliopimwa ukaonekana mzima, huna haki ya kumlaumu umri kabla hujakagua mengine yote. Kwa wengi wa rika hili kinachobadilika ni uwezo wa kustahimili mazoezi mabaya. Kijana wa miaka 25 akikimbia kila siku kwa asilimia 90, mwili unamsamehe kwa muda. Wa miaka 48 haumsamehi.

Na miezi yenyewe ilikuwa mibaya mno kwa kazi hiyo. Mbio za Moshi huwa Februari au Machi mwanzoni, maana yake wiki ngumu za maandalizi zinaangukia Novemba, Desemba na Januari. Kwa mtu wa Mtwara au Lindi, hiyo ndiyo miezi ya korosho. Minada huanza Oktoba, na kuanzia hapo karani wa chama cha msingi hana siku yake. Yupo kwenye mizani tangu asubuhi, wakulima wamepanga foleni, magunia yanapimwa, madaraja yanatenganishwa, stakabadhi zinaandikwa, malori yanasubiri kupeleka mzigo ghala kuu. Karani alikuwa akilala kwa saa nne hadi tano tu, na ameandika mwenyewe. Tarehe moja ya Novemba inasomeka hivi: amelala kwa saa 3 na nusu, kilomita 10, mwendo 6:22, mapigo 161, "miguu mizito". Siku inayofuata, kilomita 8. Mwili hauna madaftari mawili, moja la kazi na moja la mbio. Kusimama kwenye mizani kwa muda wa saa kumi na mbili kunaandikwa ukurasa ule ule.

Juu ya hayo, kaskazi. Kuanzia Novemba hadi Machi pwani yetu ina joto na unyevu kwa pamoja. Jasho linatoka lakini halikauki, kwa hiyo halipozi mwili. Moyo unapeleka damu nyingi kwenye ngozi ili kutoa joto, na misuli inapungukiwa. Mwendo ule ule wa Agosti, Januari unakula mapigo matano hadi kumi zaidi. Mwili huzoea joto kwa siku kumi hadi kumi na nne, lakini kuzoea si sawa na kutodhurika, na yeye hakupunguza mwendo hata kwa sekunde kumi.

Desemba shavu la mguu wa kushoto likaanza kuuma. Daftari linasema "linavuta", kisha "linavuta sana", kisha Januari yote linasema "dawa". Alikuwa akinunua diklofenaki duka la dawa na kumeza kabla ya mbio ndefu. Hapa niliweka daftari chini, na alichonijibu nilipomuuliza kinafaa kusemwa kwa sauti. Alisema, "Mwalimu, si Akhwari alimaliza na goti lililoumia?" Ndiyo, John Stephen Akhwari alimaliza maratoni ya Olimpiki ya Mexico City mwaka 1968 akiwa ameanguka na kuumia, akawa wa mwisho kuingia uwanjani, na nchi hii itamheshimu kwa hilo daima. Lakini Akhwari aliumia siku ya mashindano, akiwa katikati ya mbio ambazo nchi yake ilimtuma kumaliza. Kukimbia na mguu unaouma kila Jumanne ya Januari, peke yako, barabara ya Mikindani, ni jambo jingine kabisa, na hakuna taifa lililokutuma. Tena dawa za maumivu za jamii hiyo hupunguza damu inayokwenda kwenye figo. Ukizimeza, ukakimbia saa nyingi kwenye joto ukiwa umepungukiwa maji, unaziweka figo zako hatarini, na hatari inaongezeka kwa mtu mwenye historia ya presha. Wanaotumia dawa za presha za kuongeza mkojo nao wasiingie kwenye mbio ndefu bila kuzungumza na daktari wao. Hili silisemi kwa upole.

Sasa twende Moshi. Mji uko zaidi ya mita 800 juu ya usawa wa bahari, sisi tuko usawani. Njia ya maratoni ile ina sehemu mbili zisizofanana. Mwanzoni unakwenda na kurudi barabara ya Dar es Salaam, ambako hakuna mlima wa kutisha, kisha unapita mjini na kuanza kupanda kuelekea Mweka, kilomita nyingi mfululizo, ndipo ugeuke kushuka. Watu wa kundi walipotafuta sababu nyingine mbali na umri, walitaja mlima. Ni kweli Karani hakuwa amejiandaa na mlima. Lakini kumbukumbu za saa yake zinasema zaidi ya hapo.

Kilomita ya 10, kwenye tambarare, mapigo yake yalikuwa 161. Hiyo ni zaidi ya asilimia 92, na bado kilomita 32 mbele. Mkimbiaji wa kawaida anayetaka kukaa njiani zaidi ya saa nne anatakiwa awe karibu na asilimia 80 hapo. Nusu ya kwanza aliipata, lakini kwa bei ya mbio za kilomita 21 peke yake. Kilomita ya 21 hadi 27 akashuka kwenye dakika 7. Kuanzia 27, mlima ulipokaza, akawa kwenye dakika 10 na nusu. Kilomita ya 32 akasimama. Kuanzia hapo hadi mwisho ni dakika 11 hivi kwa kilomita, na sehemu kubwa ya kilomita hizo zinashuka. Mtu aliyeshindwa na mlima peke yake huanza tena kukimbia njia inapoteremka. Huyu hakuweza. Alisema mapaja yalikuwa yamekaza, kichwa kinaelea, na hamu ya kitu kitamu ilimjaa mdomoni.

Hamu hiyo ndiyo jibu. Mwili huhifadhi wanga kwenye misuli na ini, akiba inayotoa takriban kilokalori 2,000 kwa mtu wa uzito wa kawaida. Kukimbia kunakula karibu kilokalori moja kwa kila kilo ya uzito kwa kila kilomita, hivyo kwa kilo 74 maratoni nzima inahitaji zaidi ya 3,000. Umbali huu wa kilomita 42 na mita 195, uliokimbiwa London 1908 na kuwekwa rasmi mwaka 1921, unazidi akiba hiyo. Pengo linazibwa na mafuta ya mwilini na chakula cha njiani. Lakini kadiri unavyokwenda kwa nguvu ndivyo mwili unavyotumia wanga zaidi na mafuta kidogo, na Karani kwa asilimia 92 alikuwa anateketeza wanga karibu mtupu. Mafuta yake hakuwa ameyafundisha kazi, maana miezi sita hakwenda polepole. Na chakula? Alikunywa chai ya rangi asubuhi kama alivyozoea baada ya swala. Mfukoni alikuwa na tende kutoka nyumbani. Ya kwanza aliila kilomita ya 25.

Nilimuuliza kwa nini alichelewa. Alikuwa anaziweka akiba kwa ajili ya mlima. Ni hesabu ya mtu mwema anayejibana, lakini mwilini inakwenda kinyume. Chakula cha njiani huliwa kabla hujachoka, kuanzia nusu saa ya kwanza, gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa. Ndizi mbivu moja ina karibu gramu 25. Tende ndogo ina tano au sita. Soda chupa ya mililita 350 ina zaidi ya 35. Hivi vyote vipo kwenye kila genge la Mtwara, huhitaji pakiti za kuagiza nje.

Lengo la saa 4 na nusu nalo lilitoka wapi? Alizidisha muda wake wa nusu kwa mbili, akaongeza kidogo. Kanuni ya mhandisi wa Kimarekani Peter Riegel inataka uzidishe muda wa nusu kwa karibu 2.085, na kwa saa 2 na dakika 12 inatoa saa 4 na dakika 35. Hiyo ni kwa mtu aliyejiandaa kwa umbali mrefu sawasawa na alivyojiandaa kwa mfupi, kwenye njia zinazofanana. Safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa kilomita 24, mara mbili tu. Kwa njia ya Mweka, mimi ningemwekea saa 5 kasoro dakika chache. Akianza kwa dakika 7 kwa kilomita, naamini angemaliza kwa saa tano hivi, akikimbia mpaka mwisho.

Machi ilikuwa Ramadhani, na funga ikatusaidia kumpumzisha. Nilimwomba atembee tu, nusu saa kabla ya futari, bila saa mkononi. Mguu ukatulia bila dawa. Aprili tukaanza upya, na sharti la kwanza lilikuwa arudi kundini.

Kipindi kigumu kilikuwa Mei. Nilimwekea mpaka wa mapigo 135, na siku za katikati ya wiki akawa peke yake barabarani. Kwa mpaka huo alikuwa anakwenda dakika 9 kwa kilomita, na kwenye kila kilima inabidi atembee. Watu waliozoea kumwona akipita kwa kasi wakaanza kumhurumia. Vijana wa bodaboda wakawa wanasimama: "Mjomba, panda nikusogeze!" Wiki ya tatu alikuja nyumbani jioni, akakaa barazani, akasema anaona aibu, amekuwa mgonjwa wa barabara nzima. Sikuwa na maneno mengi ya kumpa. Nilimwambia kwamba aibu ile ndiyo iliyomkimbiza kwa mwendo wa mashindano kila alfajiri tangu Agosti, na akiitii tena ataipata Moshi nyingine. Alinyamaza muda mrefu, akaomba maji, akaondoka. Kesho yake daftari linasema: kilomita 7, mwendo 9:05, mapigo 133.

Wengi huachia hapo, na wanaoachia si wavivu. Ni watu wenye bidii, waliozoea kwamba kitu kisichouma hakijengi, na wanaoona wanapoteza muda. Kuwashikilia kwa wiki nane hadi kumi ndiyo kazi kubwa ya anayeongoza mazoezi ya watu wazima. Mambo mengine ni mepesi kuyapanga.

Hayo mengine niyataje kwa haraka. Siku za kukimbia zilishuka kutoka tano hadi nne. Tatu ni za kuimba. Moja ni ya vilima vya Mikindani, kwenye njia ya kupanda kwenda Boma la zamani la Wajerumani, dakika mbili kupanda kwa nguvu na kushuka kwa kutembea, mara sita. Mara mbili kwa wiki anachuchumaa na kusimama akiwa ameshika ndoo za maji, na ananyanyua visigino akiwa amesimama ukingoni mwa ngazi, mara kumi na tano, mizunguko mitatu. Hilo la visigino ndilo lililoponya shavu la mguu, na kwa umri huu silisamehi kwa mtu yeyote, kwa sababu misuli ya mtu mzima isiyobebeshwa mzigo inanyauka hata kama anakimbia. Kila wiki ya nne umbali unapungua kwa theluthi. Safari ya Jumapili ilikua kutoka kilomita 12 hadi 26, na kwenye kila moja anakula, tende nne kila nusu saa, apende asipende, ili tumbo nalo lijifunze.

Mwishoni mwa Septemba tulipima. Njia ile ile, mapigo yale yale 135: dakika 7 na sekunde 20 kwa kilomita, kutoka 9:05 ya Mei. Sikutaka kushangilia mapema. Juni hadi Septemba kusi inavuma, asubuhi zina ubaridi, na sehemu ya maendeleo hayo ilikuwa ya hali ya hewa. Tukarudia Novemba, kaskazi imeshaingia na joto limerudi. Ikatoka 7:35. Sekunde kumi na tano zilikuwa za upepo. Dakika moja na nusu iliyobaki ni yake, ameipata akiwa amekaribia miaka 49. Aliyesema umri umemkataa anieleze hiyo imetoka wapi.

Mwezi huo huo wa Septemba 2025 Alphonce Simbu alishinda ubingwa wa dunia wa maratoni jijini Tokyo kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, muda ule ule na Mjerumani Amanal Petros, wakatenganishwa na picha ya mstari wa mwisho. Petros alikuwa mbele kwenye mita za mwisho kabisa na Simbu akampita wakati wa kuvuka. Karani aliziangalia mbio zile mara kadhaa kwenye simu. Alinipigia kuniambia jambo moja, jinsi Simbu alivyokubali kukaa nyuma ya wengine muda wote ule kwenye joto bila kuona haya. Nilijua hapo kwamba Mei imeshapita kweli.

Msimu wa korosho wa 2025 ulipofika tulikata mazoezi hadi safari tatu za dakika 40 kwa wiki, zote za kuimba, na usiku ambao amelala chini ya saa tano kesho yake hakimbii. Februari ya 2026 hakuweka jina kwenye maratoni yoyote. Kwa watu wa Kusini, hasa wanaofanya kazi ya korosho, ninashauri mbio ndefu za kati ya Julai na Septemba: maandalizi yanaanza mzigo ukishatoka ghalani, joto linapungua kadiri umbali unavyoongezeka, na usingizi unarudi. Juu ya mahali bado tunabishana. Yeye anataka kurudi kwenye mlima wa Mweka, mimi namtakia kwanza njia ya tambarare ya pwani. Tulichokubaliana kimeandikwa kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari jipya: mpaka akimbie kilomita 28 au zaidi mara tatu, bila kidonge cha maumivu, mapigo yakiwa chini ya 145 hadi mwisho, pesa ya kujisajili haitoki mfukoni.